Mgeni na Mshindani: Namna ya Kuisoma Ziara ya Kriketi ya Mwaka 1975

Timu ya mchezo isafiripo kwenda nchi ya mpinzani wake huwa na hali mbili zisizokaa pamoja kwa urahisi. Ni mgeni, na mgeni ana haki ya kupokewa, kulishwa na kusindikizwa; tena ni mshindani, na mshindani ana wajibu wa kumwondolea mwenyeji furaha siku ile ile aliyokaribishwa. Hali mbili hizi zikutanapo ndani ya watu wale wale, pana kisa. Na penye kisa pana kazi ya mwandishi. Lakini habari za ziara za michezo katika Kiswahili mara nyingi huikwepa kazi hiyo kwa kushika mojawapo ya njia mbili fupi. Njia ya kwanza ni lugha ya vita: timu huvamia, huteka, hushambulia, huangamiza. Njia ya pili ni hesabu tupu: fulani amepata kadha, fulani kadha, mchezo umekwisha. Ya kwanza humnyima mshindani ugeni wake. Ya pili humnyima hata ushindani wake, ikambakizia tarakimu. Ipo njia ya tatu, nayo ni kongwe katika fasihi ya Kiswahili kuliko hizo mbili. Kwa njia hiyo yafaa kuisoma ziara moja iliyobaki vitabuni kwa tarakimu zake tu: ziara ya timu ya kriketi ya Afrika ya Mashariki nchini Uingereza, Juni 1975.

Njia hiyo ya tatu haihitaji kutafutwa mbali. Mtu akisimama Magoma, katika Wilaya ya Korogwe, yumo ndani ya bonde la Lwengera, baina ya Usambara ya Magharibi na Usambara ya Mashariki. Katika milima ya magharibi ndiko uliko Vugha, mji wa watawala wa Kikilindi, na juu ya watawala hao kuna kitabu ambacho mwanafunzi wa nathari ya Kiswahili hawezi kukiruka: Habari za Wakilindi, cha Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemi, kilichopigwa chapa kwa sehemu baina ya 1895 na 1907. Mwanzo wa kitabu hicho ni habari ya mgeni. Mbegha, mwindaji kutoka Nguu, anafika Usambara bila jeshi. Anakuja na mbwa wake na silaha zake za kuwindia, anaua nguruwe wanaoharibu mashamba, anawapa wenyeji nyama, nao wanampa chakula cha shamba.

Ustadi wa mwandishi huyo hauko katika mauaji ya nguruwe. Uko katika mizani. Kila hatua ya safari hupimwa kwa vitu viwili: mgeni ametoa nini, na mwenyeji amerudisha nini. Kipaji bila adabu kingemfanya Mbegha adui. Adabu bila kipaji ingemfanya mwombaji. Wenyeji wanamtazama kwa macho yote mawili kwa pamoja, na msomaji naye hufundishwa kutazama vivyo hivyo. Lakini msomaji mwangalifu ataona pia jambo ambalo kitabu hakilitangazi kwa sauti kubwa. Mgeni huyo aliishia kutawala, na habari zake ziliandikwa na mtu aliyekuwa amewatumikia Wakilindi. Ukarimu unaosifiwa katika sura za mwanzo ndio uliofungua mlango wa enzi katika sura za baadaye. Basi nathari hii ya ugeni si nathari ya upole mtupu. Yajua kwamba mgeni aweza kubadilisha nyumba aliyoingia.

Ujuzi huo ndio unaohitajika mtu anapoitazama kriketi. Mchezo huu uliletwa Afrika ya Mashariki na mgeni mwingine aliyeishia kutawala. Waingereza waliucheza katika vilabu vyao, Wahindi wakaucheza katika vyao, na kwa miaka mingi watu weusi waliotazama walikuwa nje ya kamba. Tanganyika ilipata uhuru 1961, Uganda 1962, Kenya 1963, na Zambia 1964. Miaka kumi na moja baada ya uhuru wa mwisho kati ya hizo, nchi hizo nne zilipeleka timu moja kwenye Kombe la Dunia la kwanza la kriketi, lililofanyika Uingereza kuanzia 7 hadi 21 Juni 1975. Mpangilio wa kisa ulikuwa umepinduka. Waliokuwa wenyeji wa mtawala sasa walikuwa wageni wake, nao walikwenda kushindana naye kwa mchezo wake, katika uwanja wake, kwa sheria zake.

Je, kushindana kwa sheria za mwingine si kukubali kushindwa kabla ya kuanza? Swali hili fasihi ya Kiswahili imelijibu zamani. Katika majibizano ya ushairi, yule anayejibu hufuata bahari na vina vya aliyeanza. Muyaka bin Haji wa Mombasa na washairi wa Lamu waliomjibu, akiwamo Zahidi Mngumi, walipopigana kwa tungo mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa, hapakuwa na aliyeona aibu kutunga kwa mizani ya mwenzake. Kinyume chake, ndiyo iliyokuwa sharti ya jibu kuitwa jibu. Anayeiacha bahari ya mpinzani na kutunga kwa bahari yake mwenyewe atakuwa amesema neno lake, pengine neno zuri, lakini hajajibu. Umbo ni la aliyeanza; maneno ni ya anayejibu. Ushindi na kushindwa hupimwa katika maneno.

Kanuni hiyo haikukaa kwa washairi peke yao. Neno magoma, kwa sikio la Mswahili, laleta mawazo ya ngoma kubwa, iwayo yote asili ya jina la mahali. Na mashamba ya mkonge ya Korogwe, Magoma likiwa mojawapo, yalikuwa nchi ya ngoma. Mkonge ulipandwa kwanza katika nchi ya Tanga mwaka 1893, na kazi yake ikaleta watu wa makabila mengi, kila watu na ngoma yao. Katika ngoma za kushindana zilizoenea Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake, beni ilijulikana kuliko zote. Vyama vyake vya Marini na Arinoti viliiga gwaride na vyeo vya jeshi la Wazungu. Mtazamaji mwepesi aliona uigaji tu. Aliyetazama vyema aliona kwamba umbo limekopwa kwa mtawala, na kwamba ndani ya umbo hilo watu wanatambiana, wanachekana na kupimana kwa mambo yao wenyewe. Beni nayo ilikuwa jibu lililotungwa kwa bahari ya mwingine.

Kwa jicho hilo yafaa kuisoma karatasi ya hesabu ya 1975, kwa kuwa karatasi hiyo ndiyo maandishi yanayotajwa zaidi ya ziara ile. Mchezo wa kwanza ulikuwa Birmingham, 7 Juni, dhidi ya New Zealand. Kila upande ulikuwa na ova 60, yaani mafungu sitini ya mirusho sita. New Zealand ilipata mikimbio 309 kwa kupoteza wiketi 5. Glenn Turner peke yake alipata 171 na hakutolewa. Afrika ya Mashariki ilijibu kwa 128, ikapoteza wiketi 8. Mchezo wa pili ulikuwa Leeds, 11 Juni, dhidi ya India: Afrika ya Mashariki ilitolewa yote kwa 120, na India ikafikisha 123 bila ya kupoteza hata wiketi moja. Mchezo wa tatu ulikuwa Birmingham tena, 14 Juni, dhidi ya mwenyeji mwenyewe. Uingereza ilipata 290 kwa wiketi 5. Wageni wakatolewa wote kwa 94, na John Snow akachukua wiketi 4 kwa kutoa mikimbio 11 tu.

Mwenye lugha ya vita atasema: waliangamizwa. Mwenye lugha ya hesabu atasema: walishindwa mara tatu. Wote wawili wana haki, wala mhakiki hana ruhusa ya kupamba tarakimu. Mtu mmoja wa New Zealand alipata zaidi ya timu nzima ya wageni, na hilo halifutiki kwa sifa yoyote. Lakini maandishi yale yale yana habari nyingine kwa asomaye mstari kwa mstari. Katika mchezo wa kwanza, mbele ya lengo lisilofikika, wageni hawakutolewa wote. Walikaa uwanjani mpaka ova 60 zikaisha. Frasat Ali alipata 45. Dhidi ya India, Jawahir Shah alipata 37. Dhidi ya Uingereza, timu ikiporomoka, Ramesh Sethi alipata 30, karibu theluthi moja ya mikimbio yote ya wenzake na yake. Hawa walikuwa wachezaji wa ridhaa mbele ya watu ambao baadhi yao kriketi ilikuwa kazi yao ya kila siku. Hapa pana jibu, ingawa ni jibu lenye pumzi fupi. Beti zake ni chache, vina vyake vinayumba, lakini bahari haikukimbiwa.

Swali zito zaidi ni jingine: aliyejibu alijibu kwa jina la nani? Timu iliitwa Afrika ya Mashariki. Nahodha wake alikuwa Harilal Shah wa Kenya. Wengi wa wachezaji walikuwa wa asili ya Kihindi. Walikuwamo Wazungu, kama Don Pringle. Walikuwamo Waafrika weusi wawili wa Uganda, Sam Walusimbi na John Nagenda. Miaka mitatu kabla, mwaka 1972, Idi Amin alikuwa amewafukuza Waasia kutoka Uganda, na maelfu yao wakahamia Uingereza ile ile iliyowapokea wachezaji hao. Miaka miwili baadaye, mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ya wakati ule ikavunjika. Kwa hiyo jina lililoandikwa juu ya karatasi ya hesabu lilikuwa jina la nyumba yenye nyufa: upande mmoja baadhi ya watoto walikuwa wametolewa nje, na upande mwingine ndugu walikuwa wakigawana vyombo.

Tazama basi mchezo wa Leeds. Afrika ya Mashariki yenye Shah, Ali na Sethi yakutana na India. Katika lugha ya vita mchezo huo hauna maana, kwa kuwa haijulikani nani adui wa nani. Katika lugha ya hesabu ni ushindi pekee wa India katika mashindano yale, basi. Lakini katika lugha ya mgeni na mshindani, huu ndio mchezo mzito kuliko yote matatu. Hapa mchezaji mwenye babu aliyevuka bahari kutoka Gujarati au Punjabi anasimama mbele ya nchi ya babu yake kwa jina la Afrika ya Mashariki, wakati nchi mojawapo ya Afrika ya Mashariki imekwisha kuwaambia watu wa asili yake kwamba wao ni wageni. Mgeni kwa mwenyeji wa tatu, mshindani wa nchi ya mababu, mwakilishi wa nyumba isiyomkubali sawasawa: riwaya nzima ingeweza kujengwa juu ya siku hiyo moja. Don Pringle naye alikufa katika ajali ya gari mwaka huo huo wa 1975, na mwanawe Derek, aliyezaliwa Nairobi, akaja kuichezea Uingereza, hata katika fainali ya Kombe la Dunia ya 1992. Baba alikwenda akiwa mgeni. Mwana akawa mwenyeji.

John Nagenda, aliyecheza mchezo mmoja tu, ule wa New Zealand, anastahili kutajwa peke yake katika uhakiki wa fasihi, kwa kuwa alikuwa mwandishi. Alihudhuria mkutano wa waandishi wa Afrika wa lugha ya Kiingereza uliofanyika Makerere Juni 1962, na mwaka 1986 akatoa riwaya, The Seasons of Thomas Tebo. Mwezi ule ule wa mkutano wa Makerere ndio aliofariki Shaaban Robert, ambaye hakuwa na nafasi katika mkutano huo kwa sababu lugha yake haikuwa sharti la kuingilia. Mambo haya mawili yakiwekwa pamoja huonyesha kwamba suala la kriketi na suala la fasihi ni suala moja. Katika yote mawili Mwafrika alialikwa kujibu kwa bahari ya mwingine. Kanuni ya majibizano yasema kwamba si aibu kufanya hivyo. Lakini kanuni hiyo hiyo yauliza: maneno yaliyomo ni ya nani, na waliobaki nyumbani wayasikia? Mkata mkonge wa Magoma mwaka 1975 hakuwa na fungu katika jibu lililotolewa Birmingham. Jibu lilitoka kwa jina lake bila ya kupitia kinywani mwake.

Mtu aliyeonyesha mapema kwamba kriketi yaweza kuhakikiwa kama sanaa na kama siasa kwa pamoja ni C. L. R. James wa Trinidad, katika kitabu chake Beyond a Boundary cha mwaka 1963. James alipigania Frank Worrell afanywe nahodha wa West Indies, na karibu na mwisho wa kitabu chake yumo Worrell akiwa katika ziara ya Australia ya 1960 na 1961. Ziara hiyo ndiyo kielelezo bora cha mgeni aliye mshindani. West Indies walishindwa, michezo miwili kwa mmoja, na mmoja mwingine, ule wa Brisbane wa Desemba 1960, ukaisha kwa sare kamili ya mikimbio. Walipokuwa wakiondoka, watu wa Melbourne walijaa barabarani kuwaaga, na kikombe kinachoshindaniwa na nchi hizo kikapewa jina la Worrell. Mwenyeji alishinda mchezo, akamsindikiza mgeni kama mfalme. Methali yasema: asiyekubali kushindwa si mshindani. Ziara ya Worrell yaongeza upande wa pili wa methali hiyo, kwamba asiyejua kumwaga aliyemshinda si mwenyeji.

Lakini mfano wa James una mpaka wake kwa Afrika ya Mashariki. Watu wa Barbados na Trinidad walimwona Worrell kuwa wao. Walikuwa wakibishana juu yake vijiweni kabla hajapanda meli. Timu ya 1975 haikuwa na vijiwe vya namna hiyo nyuma yake. Ndiyo maana karatasi ya hesabu ndiyo iliyosalia. Palipokosekana umma wa kusimulia, tarakimu husimulia peke yake, na tarakimu haina huruma wala kumbukumbu ya sura.

Mpinzani wa hoja hii aweza kusema kwamba haya yote ni faraja ya walioshindwa; kwamba lau wangalishinda, hakuna mhakiki ambaye angalijisumbua na adabu ya wageni. Hoja hiyo yajibiwa na yaliyofuata. Pune, nchini India, 29 Februari 1996, Kenya, ambayo wakati huo ilikuwa imekwisha kusimama kwa jina lake, ilipata mikimbio 166, kisha ikawatoa West Indies wote kwa 93. Nahodha alikuwa Maurice Odumbe. Rajab Ali alimtoa Brian Lara, mpira ukidakwa na Tariq Iqbal. Steve Tikolo na Hitesh Modi walikuwamo. Majina hayo, yakisomwa kwa pamoja, ni jibu ambalo 1975 haikuweza kulitoa: mtoto wa Mwafrika na mtoto wa Mhindi katika ubeti mmoja, kwa jina la nchi moja. Ushindi ule haukuondoa haja ya kuusoma ugeni, uliuongezea maana.

Tena tazama Uganda, nchi ya Walusimbi na Nagenda, katika Kombe la Dunia la ova ishirini la Juni 2024. Katika uwanja wa Guyana ilitolewa yote kwa mikimbio 39 mbele ya mwenyeji, West Indies. Siku chache kabla, katika uwanja huo huo, ilikuwa imeishinda Papua New Guinea, na Frank Nsubuga, mwenye umri wa miaka 43, alikuwa amerusha ova nne, akatoa mikimbio minne tu na kuchukua wiketi mbili. Lugha ya vita haina neno la kumweka Nsubuga na 39 katika sentensi moja. Lugha ya hesabu huwaweka katika karatasi mbili zisizojuana. Nathari ya mgeni na mshindani ndiyo iwezayo kuwaweka katika safari moja, kama Liajjemi alivyoweka njaa ya Mbegha na enzi ya Mbegha katika kitabu kimoja.

Jambo hili si la kriketi peke yake, wala si la zamani. Agosti 2025 Kenya, Tanzania na Uganda ziliandaa kwa pamoja mashindano ya soka ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, na mwaka 2023 zilikuwa zimepewa haki ya kuandaa pamoja fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za 2027. Nchi tatu zinazoshindana kila siku kwa lugha, kwa bandari na kwa mpira, zafanywa wenyeji wa pamoja, na kila moja yawa mgeni katika nyumba ambayo ni yake nusu. Waandishi wa Kiswahili wakilibeba jambo hilo kwa maneno ya kuvamia na kuangamiza, watakuwa wametumia silaha kwenye harusi. Wakilibeba kwa tarakimu peke yake, vizazi vya baadaye vitapokea karatasi nyingine kama ile ya 1975, yenye majina bila sura.

Mhakiki hawezi kuwaamuru waandishi, lakini aweza kuwakumbusha walichonacho. Katika milima inayolitazama bonde la Lwengera fasihi ya Kiswahili ilijifunza mapema kumpima mgeni kwa kipaji chake na adabu yake kwa pamoja, na kujihadhari naye wakati wa kumkaribisha. Katika majibizano ya pwani ilijifunza kwamba kutunga kwa bahari ya mpinzani si utumwa, mradi maneno yawe ya mtunzi na watu wake wayatambue. Vipimo hivyo viwili vyatosha kuisoma ziara yoyote. Kwa vipimo hivyo, timu ya Harilal Shah ilishindwa michezo mitatu, ikafuata bahari mpaka mwisho, na ikasema kwa jina la watu ambao wengi wao hawakujua kwamba wamesemewa. Hukumu hiyo ina sehemu tatu, na yeyote atakayeiandika habari ya ziara ile azitaje zote tatu.